Mkono wa Mama Luan

Maiti ya Shih Po-jen ilikuwa imelazwa sakafuni kando ya mashine ya kukandamiza bati, presi namba tatu, imefunikwa turubai la bluu, na viatu vya kazi vimetokeza upande mmoja. Inspekta Kan Teng-fu alivitazama viatu vile, akavua kofia, kisha akauliza swali lake la kila siku.

"Nani alikuwepo?"

Mwanamke aliyekaa juu ya ndoo ya mafuta iliyopinduliwa akanyoosha mkono kama mwanafunzi darasani. "Mimi. Mimi ndiye niliyemuua."

Kan aliyachukia maungamo ya haraka. Miaka ishirini na mbili ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba maungamo hutafutwa kwa jasho. Yakija yenyewe, saa mbili na nusu asubuhi, kabla hata daktari wa uchunguzi wa maiti hajavaa glavu, basi kuna mtu anakwenda kuumia bure.

Mwanamke yule aliitwa Tu Hsiu-luan, umri wake miaka hamsini na saba. Aliiendesha presi ile tangu enzi zake za wenzo na vitufe vya chuma. Pale kiwandani Tali, pembezoni mwa mji wa Taichung, ambako hukandamizwa bati za vipuri vya baiskeli, wote walimwita Mama Luan. Marehemu alikuwa fundi wa kubadilisha kalibu za kuipa bati umbo, kijana wa miaka thelathini na minne, na Mama Luan ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Yeye na mama mzazi wa Po-jen ni majirani wa miaka nenda rudi; kinachowatenganisha ni kichochoro tu.

"Nieleze polepole, dada," alisema Kan.

"Aliingiza kichwa na bega ndani kuangalia bolti. Akaniambia, pandisha kidogo mama, niweke kigogo cha kuizuia. Nikabonyeza. Ikashuka."

"Ikashuka."

"Nikabonyeza tena. Ikazidi. Nikabonyeza tena."

"Ulibonyeza Panda?"

Mama Luan aliutazama mkono wake wa kulia, bado umevaa glavu. "Nilidhani hivyo. Lakini wameniambia nilibonyeza Shuka."

Neno hilo, wameniambia, lilimkera Kan tangu dakika ile.

Aliyemwambia alikuwa Weng Chia-hsiang, fundi pekee wa umeme na mitambo pale kiwandani. Mtu mrefu, nadhifu, wa miaka arobaini hivi, anayeongea kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuaminiwa. Alimweleza Inspekta mambo yote bila kuulizwa mara mbili. Wakati wa kubadilisha kalibu, ufunguo huzungushwa, miale ya ulinzi inayoizuia presi mtu akiingia hulala, na skrini ya kidhibiti hubaki na vitufe viwili tu vikubwa: Panda juu, Shuka chini. Kisha akafungua kumbukumbu za kidhibiti, akamwonyesha. Saa mbili na dakika kumi na nne: Shuka, Shuka, Shuka. Saa mbili na dakika kumi na sita: Panda.

"Hiyo ya mwisho ni mimi," alisema Weng. "Nilikimbia, nikamsogeza Mama Luan, nikainua kichwa cha presi. Skrini hiyohiyo, Inspekta. Kwangu ilitii."

Hapo ndipo kesi ilipoingia mchanga. Weng akashauri jambo moja zaidi: presi isizimwe, maana kumbukumbu zinaweza kupotea. Kan akaona ni busara. Akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi, USIZIME, KIELELEZO CHA POLISI, akaibandika kwenye kabati la umeme.

Jumanne alirudi na mkaguzi wa usalama kazini. Waliweka kofia ya plastiki ndani ya presi wasije wakasahau wanacheza na nini, wakaanza kujaribu. Kan alibonyeza Panda, ikapanda. Akabonyeza Shuka, ikashuka. Akabonyeza kwa kidole, kwa glavu, kwa glavu yenye mafuta, kwa pembe ya kitufe, kwa haraka, kwa taratibu. Alihesabu mia moja na ishirini. Mashine ilimtii kila mara, na kila ilipomtii alizidi kuichukia. Mkaguzi aliandika mstari mmoja: hakuna hitilafu iliyoonekana. Akaenda zake kula.

Kan alimwita Weng amfundishe, kwa lugha ya binadamu, kitu gani kinaweza kuharibika. Weng alieleza vizuri tu. Skrini hizi hutengenezwa zikae kwa ulalo. Hii ilisimamishwa wima miaka minne iliyopita kwa sababu uzio mpya uliziba nafasi. Ukiisimamisha, unaigeuza picha ifuate. Lakini picha na mguso ni vitu viwili, kila kimoja na akili yake. Ukigeuza picha pekee, macho yanaona kitufe hapa na mashine inahisi kidole kule. Ni lazima uufundishe mguso nao ugeuke upande uleule. Kazi hiyo ilifanywa na fundi wa kampuni iliyouza kidhibiti, ikahifadhiwa kwa neno la siri, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Daftari la matengenezo lilikubaliana naye: tangu mwaka mpya, kwenye presi namba tatu, hakuna kitu.

"Je, mguso unaweza kukosea wenyewe?"

"Ukikosea utaendelea kukosea," alisema Weng. "Hauwezi kukosea saa mbili na dakika kumi na nne, halafu ukatubu saa mbili na dakika kumi na sita."

Kan alifunga daftari lake, na kufunga daftari mbele ya mtu anayetabasamu ni karaha.

Jumatano aliwahoji wafanyakazi. Karibu wote walisema jambo lilelile, tena kwa aibu. Kwa miezi miwili Mama Luan alikuwa akilalamika kwamba skrini haimsikii. Abonyeze mara tatu, nne, ndipo ikubali. Weng alikuwa amemjibu mbele ya watu, wakati wa chakula cha mchana, kila mtu na boksi lake la wali mapajani. Mama, alimwambia, skrini inaguswa, haikandwi kama unga. Mkono wako umeachwa kwenye enzi ya vitufe vya chuma. Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Tangu siku ile kila kitu kikiharibika kiwandani, hata choo, lazima mtu aulize kama Mama Luan amekipitia.

Bosi Ou, mwenye kiwanda, alisema anamheshimu sana Mama Luan, ni kama dada yake, lakini mikono imezeeka, tufanyeje. Mwendesha mashtaka naye alipiga simu mara mbili siku hiyo. Alitaka jalada mezani kwake Ijumaa saa sita mchana: kusababisha kifo kwa uzembe, mshtakiwa amekiri, kumbukumbu zinathibitisha. Inspekta anangoja nini hasa? Kan alisema anangoja kuelewa. Mwendesha mashtaka akarudia: Ijumaa saa sita.

Alhamisi Mama Luan alikwenda mwenyewe kituoni. Nywele hazikuchanwa. Alisimama mbele ya meza ya Kan, akaomba kalamu.

"Nipe nisaini, niende nikafungwe."

"Kusaini nini, dada? Hata hukumbuki ulibonyeza wapi."

"Jumatatu nilikumbuka. Sasa kila nikifumba macho naona mkono unakwenda chini. Jana nimempelekea mama yake uji. Hakufungua. Leo asubuhi bakuli lilikuwa palepale, limejaa sisimizi. Nikifungwa, angalau atajua nimekubali."

Kan alipandwa na hasira, na hakujua anamkasirikia nani. Alimwambia kwa sauti kali kuliko alivyotaka kwamba kituo hiki si mahali pa watu kuja kujitupa, aende nyumbani akale, na akirudi tena kuomba kalamu atamfukuza. Mama Luan aliondoka bila kuaga. Kan akabaki na boksi lake la nyama ya nguruwe, limepoa, mafuta yameganda. Hakuligusa.

Wakati huo Sajini Fang, msaidizi wake, alikuwa anahangaika na kompyuta ya kituo, ambayo ilikuwa imegoma kwa mara ya tatu wiki ile. Alipoishinda, alifanya kila wanachofanya mafundi na makarani wa mji huu: akaondoa juu yake pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, akaitupa, akaweka pakiti mpya.

"Ilikuwa imepita muda wake, afande," alisema. "Ndiyo maana inatusumbua. Huwezi kufungua mashine, ukaitengeneza, halafu ukaiachia pakiti mbovu. Ni kama kuitukana."

Mashine zote hapa huwekewa pakiti hiyo zitulie. Iwe ya kijani, isiwe imepita muda, na asithubutu mtu kuila. Waliosoma mpaka wakachoka huiweka, na ukiwacheka watakujibu kwamba ya kwako iliyoharibika mwezi jana haikuwa na pakiti. Kan alikuwa ameiona maelfu ya mara, kwa hiyo hakuwa ameiona hata mara moja. Aliinuka na boksi lake mkononi, akalisahau juu ya meza ya Fang.

Kiwandani alipita presi moja baada ya nyingine. Juu ya kila kabati la umeme palikuwa na pakiti ya kijani, zote zimefubaa, zote zimeandikwa kwamba mwisho wake ni mwezi wa sita, na sasa ulikuwa mwezi wa nane. Ya namba tatu ilikuwa inang'aa. Mwisho wake: mwezi wa tatu, mwaka ujao.

Akaenda duka la pembeni, ambako kiwanda kizima hununua chai na sigara. Mwenye duka alitazama namba zilizochapwa mgongoni mwa pakiti, akasema mzigo huo aliupokea Alhamisi ya wiki iliyopita, siku moja kabla ya kimbunga kilichopiga mwishoni mwa wiki. Ijumaa saa kumi alifunga duka akakimbilia kwa dada yake milimani, na Jumatatu alifungua saa nne asubuhi, polisi wakiwa wameshajaa barabarani.

Kan akamkuta Weng karakanani, anafuta bisibisi zake.

"Fundi, hizi pakiti huwa anabadilisha nani?"

"Aliyefungua kabati. Ukimaliza kazi unaweka mpya. Ndivyo tulivyolelewa."

"Mama Luan anaweza kubadilisha?"

"Hathubutu. Hiyo ni ya fundi." Weng alicheka kidogo.

"Na fundi mwingine hapa ni nani?"

Kicheko kikakatika. "Ni mimi tu."

"Pakiti ya namba tatu imenunuliwa kati ya Alhamisi na Ijumaa. Daftari lako linasema hujalifungua kabati lile tangu mwaka mpya."

Weng alizipanga bisibisi kwa ukubwa, taratibu. Akasema labda mtu ameiweka tu, kwa kuwa ile ya zamani imepita muda. Kan akamuuliza kwa nini mtu huyo mwema aliziruka presi nyingine tano. Weng akasema hajui. Akaongeza kwamba, kwa heshima zote, Inspekta hawezi kwenda mahakamani na vitafunio.

Na alikuwa sahihi, hilo ndilo lililouma. Kan alirudi kituoni anaona moto. Alikuwa na pakiti ya mahindi upande mmoja, na upande mwingine kumbukumbu, ukaguzi, mashahidi kumi na mmoja na maungamo. Mwendesha mashtaka angecheka mpaka aombe maji.

Akafungua tena picha za video za kamera ya usalama iliyofungwa kwenye nguzo kando ya presi. Alikuwa amezitazama mara sita, na mara zote sita aliukodolea macho mgongo wa Mama Luan, ambao uliiziba skrini yote. Mara ya saba aliacha kumtazama yeye. Alimtazama Weng.

Weng anaingia mbio. Anamvuta Mama Luan pembeni. Anasimama ubavu, si mbele, kwa hiyo skrini inaonekana nusu. Ananyoosha mkono. Mkono haupandi usawa wa kifua kilipo kitufe cha Panda. Unashuka. Unakwenda kiunoni, chini kabisa mwa skrini, unabonyeza na kushikilia. Na kichwa cha presi kinapanda.

Kan alisimamisha picha. Akamwita Fang, akamwomba aseme anachokiona, bila kumwambia lolote.

"Amebonyeza Shuka," alisema Fang. "Ikapanda." Akausogelea uso wa kompyuta. "Afande, alijuaje?"

Ijumaa saa tatu asubuhi Kan alisimama mbele ya presi namba tatu pamoja na Fang, Bosi Ou, mkaguzi wa usalama na Weng. Asubuhi hiyohiyo Fang alikuwa ameinua turubai nyuma ya ghala, kwenye presi ya zamani iliyongoja kuuzwa chuma chakavu. Kidhibiti chake kilikuwa na tundu pale ilipokuwa skrini, na vumbi la pembeni lilikuwa na alama mpya za vidole.

Kan alikisoma tena kile alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe. USIZIME. Siku nne nzima alikuwa ameulinda uongo kwa karatasi na gundi, kwa ushauri wa mwongo. Akaibandua karatasi.

"Utapoteza kumbukumbu," alisema Weng.

"Nimezipiga picha. Zima, Fang."

Presi ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu kifo kile, taa zake zote zilizimika. Kan alihesabu mpaka thelathini, Fang akawasha. Skrini ikaamka, wima, safi, Panda juu, Shuka chini, kila kitu mahali pake. Ile kofia ya plastiki ilikuwa ndani. Kan alizungusha ufunguo.

"Njoo ubonyeze Panda, fundi."

Weng hakusogea. Bosi Ou akamtazama, akamwambia abonyeze, kuna tabu gani. Weng alitikisa kichwa.

Kan akabonyeza mwenyewe. Panda, juu kabisa. Kichwa cha presi kikashuka. Kofia ilipasuka kwa mlio mkavu uliomfanya Bosi Ou ajishike shingo. Kan akabonyeza Panda tena, jinsi mtu yeyote mwenye akili zake angefanya akiona kinashuka, nacho kikazidi kushuka.

Weng aliketi chini, sakafuni, na nguo zake safi.

"Ilikuwa mbovu kweli," alisema. "Skrini ya zamani. Alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza."

"Endelea."

"Niliipima baada ya kumcheka. Ilikuwa imechoka, haisikii upande mmoja. Lakini nilishasema mbele ya watu wote ni mkono wake. Ijumaa tulipoachiwa mapema kwa ajili ya kimbunga, nilibaki. Nikatoa skrini ya ile presi chakavu, nikaifunga hapa. Hii mguso wake ulikuwa umegeukia upande wa pili, juu ni chini. Nikaurekebisha kwa kuandika amri kwa mkono, nikajaribu, ikawa sawa."

"Ukahifadhi?"

"Kuhifadhi kunataka neno la siri la kampuni. Kuliomba ni kupiga simu, wanaandika jina lako na ulichofanya, wanamletea bosi nakala. Nikasema nitatafuta njia Jumatatu. Halafu Jumatatu nikachelewa, barabara ilikuwa imezibwa na miti iliyoanguka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Umeme ulizimwa kwa kimbunga. Ulipowashwa, amri yangu ilikuwa imefutika. Nilipoingia na kumkuta analia, anabonyeza juu kabisa, nilielewa papo hapo. Ndiyo maana nikabonyeza chini. Wote walipotoka na machela ya Po-jen, nikaiandika tena ile amri."

"Kwa nini uliibadilisha kwa siri?" Kan alimwinamia pale sakafuni. "Ungesema tu skrini imekufa. Ungebadilisha mchana kweupe."

Weng aliitazama kofia iliyopasuka.

"Nilitaka Jumatatu aje aguse, ikubali mara moja, nami niseme mbele yao, mnaona, hakuna kilichobadilishwa, mama amejifunza kugusa." Aliinamisha kichwa. "Miaka kumi ananisahihisha. Anasikiliza mlio tu, anakwambia pampu ina hewa, na kweli ina hewa. Sikutaka awe sahihi tena. Basi. Hakuna kingine."

Kan alikuwa amewahi kusikia sababu za mauaji: wivu, mirathi, ulevi. Hii ilimchosha kuliko zote. Fang alimfunga Weng pingu. Bosi Ou alisimama pale akikung'uta vipande vya plastiki kwenye suruali, akirudia kwamba yeye hakujua, naye Kan alimwambia atapata nafasi ya kuyasema hayo kwa maandishi, pamoja na kueleza miezi miwili ya malalamiko ilikwenda wapi. Kisha akampigia mwendesha mashtaka. Ilikuwa saa nne na robo.

Mama Luan alimpokea Kan mlangoni, akadhani amekuja kumkamata. Alikuwa ameshafunga kifurushi cha nguo.

"Dada, ilikuwa skrini. Juu ilikuwa chini. Weng amekiri. Wewe ulibonyeza Panda."

Mama Luan alimwangalia kama mtu anayesikia lugha ya mbali. "Ya kwanza?"

"Ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ulikuwa unamwinua. Mara zote tatu ulikuwa unamwinua."

Kan alimshika, akamkalisha kwenye kiti cha mwanzi, naye akalia kwa hasira, akipiga paja kwa ule mkono wa kulia, akisema wiki nzima ameuchukia mkono huu, alitamani aukate, na kumbe. Kan alikichukua kile kifurushi cha nguo, akakirudisha ndani.

Alipotulia, Mama Luan alionyesha mlango wa ng'ambo kwa kidevu. "Kamwambie yeye. Mimi hanifungulii."

Kan alivuka kichochoro, akabisha. Mama yake Po-jen alifungua kidogo, ufa wa kutosha jicho moja. Inspekta alimweleza yote pale pale, akiwa amesimama juani, kuanzia skrini hadi pingu, hadi zile mara tatu. Mwanamke yule hakuuliza kuhusu Weng. Hakuuliza kuhusu mahakama.

"Luan amekula?" aliuliza.

Kan alisema hadhani kama amekula tangu Jumatatu.

Mlango ukafungwa. Kan akabaki anautazama, akijiandaa kurudi kumwambia yule wa ng'ambo kwamba haikusaidia kitu. Ndani kulisikika sufuria, kisha bomba la maji, kisha kifuniko. Mlango ukafunguka tena, safari hii wote. Mama yake Po-jen alitoka na bakuli la wali linalofuka mvuke na vijiti viwili vya kulia juu yake, akampita Inspekta bila kumtazama, akavuka kichochoro.